Bodi mpya imetoka, ila kabla hujauza ya zamani tuhesabu kwanza

Tangu Canon watoe R6 Mark III, bodi yao mpya (bodi ni kamera yenyewe bila lenzi), mwezi Novemba 2025 simu yangu haijapumzika. Wadogo zangu wa kazini, wale tunaokutana kwenye kumbi za Sinza na Mbezi kila Jumamosi, wote swali lao ni moja tu, kaka niuze R6 Mark II yangu, ile iliyotangulia, nichukue hii? Mmoja akanitumia voisi ndefu, anasema mteja wa kamera yake ashampata na hela iko mkononi, anasubiri neno langu tu. Nikamjibu usiuze wiki hii, una sendofu Ijumaa na harusi Jumamosi, tulia kwanza. Akaniuliza kwa nini, na hiyo kwa nini haiishi kwa voisi ya dakika moja ndo maana nimekaa kuandika.

Niseme mapema kabisa kamera yenyewe ni nzuri, sina ugomvi nayo. Imetoka kwenye megapikseli 24.2 ikapanda hadi 32.5, inapiga picha 40 kwa sekunde kwa shata ya kielektroniki, video yake imeruka juu sana nitakuja huko. Bei waliyotangaza Marekani ni dola 2,799 bodi tupu bila lenzi. Ukipiga dola kwa 2,500 hapo uko milioni 7 na bado hujaweka usafiri wala kodi wala faida ya aliyekuletea kutoka Dubai. Sasa mtu anayefunga harusi mbili au tatu kwa mwezi, analipa msaidizi, mtu wa video, bodaboda, mwenye kuprinti albamu, milioni 7 ni hela ya ada ya mtoto na kodi ya nyumba, haiamuliwi kwa sababu umeangalia video ya mtu aliyeazimwa kamera siku tatu huko Ulaya akapiga picha za ndege na mbwa.

Tuanze na megapikseli maana ndo kila mtu anaanza nazo. Mark II inakupa picha yenye pikseli 6000 kwa 4000. Mark III inakupa 6960 kwa 4640. Ukisikia 24 kwenda 32 unaona kama kamera imeongezeka theluthi nzima, ni kweli kwa eneo, ila ukipima upande mmoja wa picha imeongezeka asilimia 16 tu. Kwa printi ya dpi 300, yani nukta 300 kwa kila inchi, ile ya kwanza inafika inchi 20 upande mrefu, hii mpya inafika inchi 23, yani karibu kabisa na karatasi ya A2. Na hata hiyo A2 ukiiprinti kwa Mark II bado unapata kama dpi 256, ukaweka fremu ukutani sebuleni kwa mama mkwe, hamna binadamu atakayesimama pale aseme hapa pikseli zimepungua. Mimi nimeprinti A1 kwa kamera ya megapikseli 22 enzi za Canon 5D Mark III, kamera ya zamani, na mteja alilia kwa furaha.

Alafu tujiulize hizo picha zinaonwa wapi. Albamu moja inaenda kwa wazazi, fremu mbili tatu ukutani, zilizobaki zote zinaishi kwenye simu. Instagram upana wake tumezoea ni pikseli 1080. WhatsApp ukituma picha kawaida inabanwa hadi inatia huruma. Bibi harusi anaichukua picha yako ya pikseli 6000 anaituma kwenye grupu la familia, shangazi aliyeko Muscat anaiona kwenye kioo cha simu akiwa jikoni, anaandika mashallah. Hizo milioni 8 za pikseli ulizoongeza hazijafika Muscat.

Zimefika kwenye laptopu yako lakini. Faili ya RAW, ile ghafi ya kueditia, ya megapikseli 32 ni kubwa kuliko ya 24 kwa karibu theluthi moja, na sisi harusi moja tunarudi na picha 2,000 mpaka 3,000. Wengi wetu tunaeditia laptopu iliyonunuliwa mtumba Kariakoo, RAM ya GB 8, na disk moja ya nje ndo ina harusi zote tangu mwaka juzi na haina nakala. Bodi mpya inakuja na mzigo wake na mzigo huo unaangukia hapo, Lightroom, programu ya kueditia, inaganda, picha ulizoahidi kutoa wiki mbili zinakuwa wiki tano na mteja anaanza kukupigia saa mbili usiku. Na hujagusa kadi bado. Mark II ina nafasi mbili za SD za kawaida zile tunazo mfukoni wote. Mark III ina nafasi moja ya CFexpress aina ya B, kadi nyingine ya kasi zaidi, na moja ya SD. Kadi ya CFexpress bei yake inauma, na kisomeo chake ni kingine. Na kwenye harusi sisi tunaandika kadi mbili kwa wakati mmoja, ikifa moja nyingine ipo, sasa ukiandika CFexpress na SD kwa pamoja mwendo wa kamera unafuata ile ya polepole. Kwa hiyo ile kasi uliyolipia kwenye kadi ya bei ghali, kwa staili yetu ya kujilinda huipati yote.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya mimi binafsi niache kuiwaza hiyo bodi. Mwaka huu nilianza kuandika kwenye daftari dogo kila picha niliyoikosa. Picha nzuri zinajulikana, naongelea zile zilizonitoka, wakati ulikuwepo mbele yangu na mimi nilikuwepo na kamera ilikuwepo na bado picha haipo. Kila nikirudi nyumbani kabla sijalala naandika tukio, lenzi, namba za kamera, na nani alaumiwe. Nilifanya hivo harusi 6 mfululizo. Zikafika picha 31.

Moja naikumbuka kama jana. Ukumbi uko Mbezi, taa za mapambo zile za zambarau zimewashwa, MC ameita wazazi wa bibi harusi waje wamkabidhi mtoto. Mama alikuwa amejikaza jioni nzima, alikuwa anacheka na kila mtu, alipofika mbele akamshika binti yake shavuni kwa mkono wa kushoto alafu akaitoa leso kwenye mfuko wa kitenge akafuta chozi la binti badala ya lake. Sekunde mbili tu. Nilikuwa na lenzi ya 24-105 ya f/4 mkononi (namba ya f ikiwa kubwa mwanga unaoingia ni mdogo) kwa sababu nilikuwa nazungukazunguka, flashi ilikuwa bado inajichaji, kamera ikapanda ISO, yani wepesi wa kunasa mwanga, hadi 12800 na shata ikashuka sekunde 1/60. Mkono wa mama umetoka kama moshi. Uso wa binti uko fokasi kabisa, jicho limeshikwa vizuri sana, ila mkono na leso, yani picha yenyewe, imefutika.

Nikajiuliza kwa haki kabisa, Mark III ingeniokoa pale? Isingeniokoa. Mkono ulitembea na shata ilikuwa wazi muda mrefu, basi, hamna sensa, kile kipande kinachonasa picha, inayoweza kurudisha hapo. Kilichokuwa kinakosekana ni mwanga. Ningekuwa na lenzi ya f/1.8 mwanga unaoingia ungekuwa mara tano ya ule wa f/4, hii siyo maneno ya tangazo ni hesabu, 4 gawanya kwa 1.8 alafu zidisha kwa yenyewe unapata karibu 5. Mara tano maana yake ile 1/60 ingekuwa 1/250 na bado nabakiwa na chenji ya kushusha ISO kidogo. Mkono ungesimama. Leso ingeonekana mpaka upindo wake.

Kati ya zile 31, picha 14 zilikuwa hivo, lenzi yenye giza au mwanga mdogo. 9 ni pale niliposimama sehemu mbaya, binamu akanyanyua simu mbele yangu au nilikuwa upande wa bwana harusi wakati tukio liko kwa bibi harusi. 5 flashi haikuwa tayari. 3 ndo fokasi ilishika shela badala ya jicho. Tatu! Hizo tatu labda bodi mpya ingeniokolea moja au mbili, nikubali zote tatu basi, bado zinabaki 28 ambazo milioni 7 haizigusi. Na ukiangalia siku ileile waliyotangaza Mark III Canon walitangaza pia lenzi ya RF 45mm f/1.2 kwa dola 469. Kila mtu aliongelea bodi. Lenzi ya f/1.2 ukiilinganisha na f/4 inaingiza mwanga mara 11, na bei yake ni kama moja ya sita ya bodi. Hata ukiibana mpaka f/1.8 ili masikio yasipotelee kwenye ukungu bado uko mbali sana na ile 24-105 yangu. Kwa kazi yetu ya kumbi za usiku, tangazo kubwa la siku ile lilikuwa hiyo lenzi.

Kuna kitu kingine watu wanadhani bodi mpya inakiondoa na hakiondoki, mistari ya taa. Unaijua ile, umetumia shata ya kielektroniki kwa sababu ni kimya na inapiga harakaharaka, unaangalia picha unakuta gauni jeupe limepigwa mistari mistari ya giza na zambarau. Sababu ni kwamba shata ya kielektroniki inasoma sensa mstari kwa mstari, na taa za LED zinawaka na kuzima haraka kuliko jicho linavyoona, sasa mistari iliyosomwa taa ikiwa imewaka inatoka na mwanga na ile iliyosomwa ikiwa imezima inatoka giza. Kinachoipunguza sana ni sensa inayosomwa haraka sana, zile wanazoita stekdi kama ya R5 Mark II iliyotoka 2024 kwa dola 4,299. Sensa ya R6 Mark III siyo ya aina hiyo. Kwa hiyo ukinunua ukaenda nayo kwenye ukumbi uleule wenye skrini ileile ya LED nyuma ya maharusi ukapiga kwa ile 40 kwa sekunde, tegemea mistari. Rudi shata ya kawaida, weka 1/100 maana umeme wetu ni hertz 50 na taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, skrini za LED zina mwendo wake mwingine hapo unajaribu kabla maharusi hawajaingia. Hayo yote Mark II inafanya leo bila kuongeza hata shilingi.

Lakini sitaki mtu asome hapa aseme kaka anasema bodi hazina maana, hapana, kuna watu nawaambia badilisha na badilisha haraka. Kama bado unapiga harusi na Canon 6D ile ya 2012, ndugu yangu, ile ina pointi 11 za fokasi na ya katikati tu ndo ya kuaminika gizani, na ina nafasi moja tu ya kadi. Moja. Siku kadi hiyo ikifa umebeba kifo cha siku ya watu waliochangisha kamati miezi minne. Harusi hairudiwi. Na walio na 5D Mark III au Mark IV nao nawaelewa, zile ni jembe kweli na picha zake mpaka leo ni tamu, ila shata zake zimepimwa kwa mipigo 150,000 na wewe ukipiga 2,000 kwa harusi, harusi 40 kwa mwaka, hiyo ni 80,000, yani chini ya miaka miwili uko kwenye namba ambayo fundi akiisoma anatikisa kichwa. Inaweza kufika 300,000 na inaweza kukata katikati ya kuvishana pete.

Na mruko wa kutoka kamera yenye kioo ndani kama hizo 5D na 6D kwenda hizi zisizo na kioo kama R6 ni mruko wa kweli, ule ndo unauona kwenye picha. Unachungulia kwenye tundu unaona picha itakavyotoka kabla hujabonyeza. Kwa sisi hii ni kubwa kuliko wanavyoandika wenzetu wa nje, bibi harusi wetu ana ngozi nyeusi nzuri na gauni jeupe kama maziwa, kamera ya zamani ikipima gauni inauzamisha uso gizani, ikipima uso gauni linaungua, tulikuwa tunapiga tunaangalia nyuma tunapiga tena. Sasa unaliona hapohapo jichoni unageuza kidole mara moja umemaliza. Fokasi inashika jicho popote lilipo kwenye fremu, hata pembeni kabisa. Na lenzi zako za EF, zile za kamera za kioo, hazitupwi, adapta ya Canon inazipokea na zinafanya kazi vizuri tu, 85mm f/1.8 yangu ya zamani inashika fokasi kwenye Mark II kuliko ilivyowahi kushika kwenye 5D. Huyo mtu wa 5D na 6D ndo wa kununua, ila asinunue Mark III! Anunue Mark II, maana bodi mpya ikitoka kazi yake nzuri ya kwanza kwa mtu wa kipato chetu ni kuishusha bei ile iliyopita, na wengine wenye haraka wanaziuza zikiwa safi kabisa.

Upande wa pili kuna watu wa video na hapa maneno yangu yanageuka. Mark II inaishia video ya 4K kwa fremu 60 kwa sekunde. Mark III inafika 4K kwa fremu 120, maana yake maua yakirushwa au bwana harusi akimzungusha mkewe unaweza kupunguza mwendo mara nne kwa video ya fremu 30 na picha ikabaki kali. Alafu ina kurekodi sensa nzima, 7K yote juu mpaka chini bila kukatwa. Mwenye kazi ya video anajua uzito wa hilo, sa hivi kila mteja anataka filamu ya kulala ya kuangalia kwenye TV na anataka vipande vya kusimama vya TikTok, na asubuhi ya Jumapili kabla hajaamka vizuri anauliza viko wapi. Ukirekodi sensa nzima unakata vyote viwili kutoka kwenye faili moja, bila kuwa na mtu wa pili mwenye simu anayekukingama mbele kila saa. Kama hiyo ndo kazi yako na unalipwa kwa hiyo, na mtu huyo wa pili unamlipa kila wikiendi, chukua kalamu ujumlishe malipo yake ya mwaka mzima uone, unaweza kukuta kamera inajilipa yenyewe. Hapo mi nakwambia nunua na usimsikilize mtu. Ila uwe na laptopu ya kuibeba 7K maana ile ya RAM 8 itakataa kata kata.

Huyu mdogo wangu wa voisi anapiga picha tu. Video anafanya mwenzake. Nilipomuuliza taratibu una bodi ngapi akasema moja, hiyohiyo Mark II anayotaka kuiuza. Yani mpango wake ulikuwa auze bodi moja aongeze hela anunue bodi moja. Milioni kadhaa zinatoka na mwisho wa siku bado yuko na kamera moja begani kwenye harusi ya watu 300. Mimi nimeshashuhudia kamera ya mwenzangu inagoma kuwaka kanisani padri ameshaanza viapo, uso wa yule kaka sitausahau, nikamvulia ya kwangu ya pili shingoni palepale akaendelea. Hiyo ya pili ilikuwa bodi ya zamani ya bei ndogo lakini siku ile ilikuwa na thamani kuliko kamera zote za Dar es Salaam. Kwa hiyo kama hela ipo, swali la kwanza kabla ya kubadilisha ni hili la bodi ya pili, na ya pili ikifanana na ya kwanza ni bora zaidi, betri zilezile, kadi zilezile, vidole vinajua vitufe viko wapi hata gizani. Moja unaivisha 24-70, nyingine unaivisha 85 au hiyo 45 ya f/1.2, hubadilishi lenzi kwenye vumbi na jasho, na wakati mama anatoa leso unayo tayari begani.

Na hata ukiamua kununua mpya usikimbilie. Wiki za mwanzo bei ya mtaani iko juu, na nyingi zinazoingia kupitia Dubai waranti yake ni ya kulekule, uliza kabla hujatoa hela na upewe karatasi. Niliwahi kununua bodi kwenye duka moja mjini wakaniapia waranti ipo, shata ilipoleta shida mwezi wa tano nikaambiwa itumwe nje kwa gharama yangu, nikakaa wiki saba bila kamera nikikodi ya watu. Na kukodi kwenyewe ndo njia nzuri ya kuijua, watu wanaokodisha bodi mjini wapo, chukua siku moja nenda nayo kwenye kicheni pati ya ndugu ambako hamna anayekudai, piga kwenye taa zenu zilezile, rudi nyumbani ziingize kwenye laptopu yako uone inavyohema, zilinganishe na za Mark II zikiwa kwenye simu.

Nimemwambia hayo yote. Akanyamaza kidogo alafu akauliza hilo daftari niliandikaje, nikampigia picha kurasa mbili nikamtumia. Jana kanijibu, harusi mbili, picha 11 zimemtoka, 6 kaandika pembeni "lenzi". Kamwambia yule mteja wa kamera yake asubiri kwanza, na Jumamosi hii anakuja kuazima 85 yangu.